Mkupuo wa Thelathini na Moja

Saa nne na robo asubuhi Inspekta alikuwa ameketi kwenye chumba cha kuonjea cha kiwanda kidogo cha vodka, akimtazama mzee wa miaka sitini na saba akimimina kinywaji ambacho, kwa jina hilohilo na lebo hiyohiyo, kilikuwa kimemuua mtu mmoja na kuwatia wengine wawili giza machoni.

"Usiogope, Afande," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Huu ni mkupuo wa kumi na nane, mpiko wa mwaka juzi. Watu waliunywa wakaoana, wakazaa, wakaachana. Hakuna aliyekufa."

"Sijasema naogopa, mzee wangu."

"Mguu wako unasema."

Inspekta akautuliza mguu. Ulikuwa ukigonga chini ya meza tangu alipoingia.

Kiwandani kila mtu alimwita yule mzee Mjomba, hata walinzi. Kwa kweli alikuwa mjomba wa watu wawili tu: mwenye kiwanda, mwanamke ambaye wafanyakazi walimwita Dada, na mdogo wake wa kiume aliyesimamia ujazaji wa chupa, ambaye jina lake lilikuwa limeliwa na kazi akabaki kuwa Fundi Chupa. Dada alipika. Fundi Chupa alijaza. Katikati yao alisimama Mjomba na pua yake. Hakuna tone lililotoka kwenye tangi kwenda chupani kabla hajatamka neno moja: "Safi."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ijumaa jioni walimu watatu wa shule moja walinunua chupa ya kumuaga mmoja wao aliyekuwa akihamishwa. Jumamosi mchana wawili walilalamika kwamba wanaona ukungu mweupe. Jumapili alfajiri yule anayeagwa akaaga kweli. Maabara ilipima yaliyobaki chupani ikapiga simu ikasema neno moja, methanoli, ile spiriti ya viwandani ya kuyeyushia rangi. Chupa ilikuwa ya mkupuo wa thelathini na moja. Jumapili usiku redio ikautangaza mkupuo huo, na mwenye duka aliyeiuza akawekwa ndani, kwa sababu stoo yake ilikutwa na faneli na chupa tupu kumi na saba za vodka hiyohiyo.

Leo ilikuwa Jumatatu. Nje ya duka lile watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mawe nayo yalikuwa yakikusanyika karibu yao. Majibu ya chupa ambazo hazijafunguliwa, zilizochukuliwa ghalani kiwandani, yangetoka kesho. Kwa hiyo kulikuwa na swali moja la kujibiwa leo. Sumu iliingia wapi, dukani au hapa? Kama ni dukani, mwenye duka ndiye. Kama ni hapa, basi huenda iko kwenye chupa nyingine ambazo redio haikuzitaja, na kuna mtu muda huu anatafuta glasi.

"Tangaza zote," Inspekta alikuwa amemwambia mkuu wake asubuhi.

"Kwa ushahidi gani?" mkuu aliuliza. "Watu ishirini na wawili wanapata riziki pale kiwandani. Niletee sababu kabla ya taarifa ya habari ya saa saba, nitatangaza hata maji ya bomba."

Ndiyo maana sasa alikuwa mbele ya mzee huyu, na saa ya ukutani ilikuwa ikimkodolea macho.

"Nifundishe," alisema. "Kitu kisicho na ladha kinaonjwaje?"

Mjomba akacheka kidogo. Alipenda swali hilo, ilionekana. Aliweka glasi fupi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akaongeza maji kiasi cha vodka yenyewe.

"Kwanza haipozwi. Baridi huficha dhambi. Ukiona mtu anakusifia vodka yake iliyotoka kwenye barafu, muulize anaficha nini. Pili, unaipunguza kwa maji, ili ukali usipige kelele ukazima sauti nyingine. Kisha macho." Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. "Inatakiwa uone upande wa pili kama hakuna kitu katikati. Kisha pua. Huichomeki puani kama ng'ombe anywaye, unaanzia hapa kifuani, unaipandisha taratibu. Kichwa cha mpiko, yale yanayotoka mwanzo mtamboni, hunuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mkia, yale ya mwisho, hunuka katoni iliyolowa. Tunachotaka ni moyo, wa katikati. Moyo hunuka ngano kwa mbali, kama unga mikononi mwa mtu aliyekwisha nawa."

"Na spiriti ya rangi?"

"Ile?" Mjomba akajiweka sawa kitini. "Ile ingenifikia hapa ikiwa imevaa kengele. Inanuka karakana. Hata ukiichanganya moja kwa tano, nitaijua kabla hujafika mlangoni."

Akachukua funda dogo, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye ndoo ya bati, akafumba macho akihesabu kitu kwa vidole. Inspekta alijikuta ameshika ukingo wa meza mpaka mzee alipofungua macho.

"Laini mbele, inawaka kidogo kooni, inaondoka bila kuaga. Safi."

"Na thelathini na moja uliuonja mwenyewe?"

"Kutoka kwenye tangi, Jumanne iliyopita, saa tatu. Ulikuwa safi. Andika hivyo, Afande. Kilichowapata wale walimu kiliwapata baada ya pale."

Aliandika hivyo. Ulikuwa ushahidi mzuri, wa mtu mwenye heshima yake, na uliielekeza kesi yote kwa mwenye duka. Simu yake ikatetemeka. Alikuwa askari anayelinda duka. Jiwe la kwanza lilikuwa limepita dirishani, anaomba watu wanne zaidi.

"Daftari lako la kuonjea liko wapi?" Inspekta aliuliza huku akisimama.

Mjomba alisita kidogo tu, kama mtu anayekumbuka alikoweka miwani. Kisha akalitoa kwenye droo.

Inspekta alilisomea ofisini kwa Dada, chumba chembamba chenye harufu ya hamira na buti za mpira zilizopangwa mlangoni. Dada alisimama dirishani, mikono ikiwa imewiva kwa mvuke hadi kwenye viwiko.

"Mdogo wako bado hapatikani?"

"Simu inaita, haipokelewi. Jana usiku sana aliniambia tumbo linamsumbua." Dada aligeuka. "Afande, najua unachofikiria. Mdogo wangu si mtu wa kukimbia."

"Sijasema amekimbia."

Hakusema, ila alikwisha kutuma askari wawili stendi ya mabasi na picha ya Fundi Chupa. Mtu anayesimamia chupa, halafu anapotea siku chupa zinapoulizwa, anajitakia mwenyewe picha yake ionyeshwe stendi.

Akafungua ukurasa wa mkupuo wa thelathini na moja. Mwandiko ulikuwa wa shule ya zamani, wa kulala. *Macho: maji ya chemchemi. Pua: ngano mbichi, nyuma yake unyevunyevu wa mkaa. Mdomo: laini, uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Chujio la mkaa lioshwe. Safi.*

"Mkaa wenu ni wa mti gani?" aliuliza, kwa kuwa kila kitu huulizwa.

"Mkaa?"

"Wa kuchujia."

"Tuliacha mkaa mwaka jana. Ulikuwa unakula ladha ya ngano. Siku hizi tunarudia kupika tu, mara nne, basi."

Inspekta alirudi kwenye ukurasa. Akausoma tena neno kwa neno. Kisha akaanza kufungua nyuma, mkupuo wa ishirini na tano, wa ishirini, wa kumi na tano, kidole kikishuka mstari kwa mstari, hadi mkupuo wa tisa. *Macho: maji ya chemchemi. Pua: ngano mbichi, nyuma yake unyevunyevu wa mkaa.* Yote. Hadi nukta.

Wa thelathini ulikuwa nakala ya wa nane, neno kwa neno. Wa thelathini na mbili, ulioonjwa Jumamosi, ulikuwa wa kumi. Alirudi nyuma mpaka mahali kunakili kulipoanza. Ilikuwa mwezi wa nne.

Akafunga daftari. Akafungua mlango akamwita Koplo, dereva wake, mtu mnene asiyejua kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni.

"Vuka barabara. Niletee maji ya waridi."

"Yale ya keki, Afande?"

"Yale ya keki."

"Leo kazaliwa nani?"

"Koplo!"

Koplo akavuka barabara.

Dada alimwangalia Inspekta akipanga glasi tatu kwenye sinia, akimimina katika zote kutoka chupa ileile ya mkupuo wa kumi na nane, akiongeza maji kama alivyofundishwa. Katika ya tatu alitia kijiko cha maji ya waridi. Harufu ikakijaza chumba, tamu na nzito, kama bibi harusi amepita.

"Unafanya nini?" Dada aliuliza.

"Naomba usiseme neno. Hata kukohoa, tafadhali."

Wakaingia chumba cha kuonjea wote watatu. Koplo alibaki mlangoni. Inspekta aliweka sinia mbele ya Mjomba, akavuta kiti, akaketi akiwa na saa mkononi kama msimamizi wa mtihani. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Nisaidie jambo moja, mzee wangu. Hizi tatu zimetoka sehemu tofauti. Usinywe, nusa tu. Niambie ipi ina kasoro."

Mjomba alitabasamu, lakini vidole vyake vilikwisha kukaza kwenye shina la glasi ya kwanza. Akaipandisha kutoka kifuani. "Ngano. Hakuna ubaya." Ya pili. Safari hii, kabla hajasema, macho yake yaliinuka yakapita haraka kwenye uso wa Dada, yakarudi. "Hii nayo ngano. Ukali kidogo."

Akachukua ya tatu.

Waridi lilikuwa limetanda hadi mlangoni. Koplo aliyapanua matundu ya pua, akafungua mdomo, kisha kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaufunga mwenyewe. Dada alikuwa amegeukia ukuta. Mjomba alimtafuta usoni, akakuta kisogo.

Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu, mpaka pua ikatoa mlio.

"Hii ndiyo bora," alisema. "Haina kitu. Vodka inavyotakiwa. Haina kitu kabisa."

Mabega ya Dada yalianza kutikisika.

"Nimekosea?" Mjomba aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ina maji ya waridi, mzee wangu," Inspekta alisema polepole. "Kijiko kizima. Tunaisikia sote."

Mzee aliiweka glasi chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndiyo itakayovunja mambo. Alikaa akiitazama.

"Tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Mwezi wa tatu. Mafua. Niliugua wiki mbili, nikapona, pua ikabaki kulekule." Alijifuta midomo iliyokuwa mikavu. "Nikasema itarudi. Kila asubuhi naamka naenda kunusa sabuni. Siku moja mke wangu aliweka chungu jikoni akaenda kwa jirani, akaniambia nikiangalie. Kiliungua mpaka chini nami nimekaa pembeni yake nasoma gazeti. Ndivyo alivyojua."

"Mjomba." Dada alikuwa amegeuka, uso umelowa. "Miezi mitano? Ukitutazama machoni unasema safi?"

"Ningesema nini, mwanangu? Miaka thelathini na minne nimekula kwa pua hii. Nilianza kwa kuonja chai, kisha mkanileta huku. Nikadhani mtambo wako ni mzuri, na wewe ni makini. Mdomo bado unahisi moto na ulaini. Nikasema, mwanangu huyu hawezi kupika kibaya. Nikawa naonja wewe, si vodka."

Inspekta hakuwa na muda wa machozi yao, ingawa aliyaona. Hesabu ilikuwa ikipanguka na kujipanga kichwani. Neno "safi" lililomwelemea mwenye duka halikuwa na uzito tena. Na kulikuwa na jambo baya zaidi.

"Nani mwingine alijua?"

"Mke wangu tu."

"Mpigie. Weka sauti nje."

Mke wa Mjomba alipokea mara moja, kama aliyekuwa akisubiri. Aliapa kwamba hajamwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Inspekta alimshukuru, na hakumwamini. Ilikuwa dhahiri kwake. Mtu akitaka kupitisha spiriti chafu katika kiwanda chenye pua maarufu namna hii, lazima ajue kwanza kwamba pua imekufa. Asiyejua hawezi kuthubutu. Mtafute aliyejua, umempata muuaji. Na mtu wa kwanza ambaye mama huyu angemnong'oneza, akimwomba amfichie mumewe aibu, ni kijana wa nyumbani aliyepo kila siku kwenye tangi.

"Nionyeshe chumba cha chupa," alimwambia Dada.

Kilikuwa nyuma, sakafu ikiteleza, makreti yamepandana hadi darini. Inspekta aliuliza maswali mafupi na Dada akayajibu kwa sauti isiyo na rangi. Mtambo unatoa kiasi gani kwa mkupuo? Lita mia tatu, ikizidi mia tatu na kumi. Chupa za mkupuo wa thelathini na moja zilikuwa ngapi? Dada akafungua kitabu cha ghala, akaweka kidole, akakiondoa, akakirudisha.

"Mia nne na themanini na mbili."

"Chupa ya ukubwa gani?"

"Lita moja kasoro robo." Akapiga hesabu kwa midomo. "Lita mia tatu na sitini na kitu. Haiwezekani. Sijawahi kutoa..."

"Afande!" Koplo aliita kutoka nyuma ya makreti. "Njoo usikie hapa. Kunanuka kama gereji ya kupiga rangi magari."

Pipa la bluu, la plastiki, lilikuwa limefunikwa gunia. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, ila kona moja ilibaki, na kwenye kona ile kulikuwa na nusu ya alama ya fuvu. Robo yake ya chini bado ilikuwa na majimaji. Inspekta aliweka mkono juu ya kifuniko asimruhusu mtu kukifungua zaidi.

"Na mkupuo wa thelathini na mbili? Chupa ngapi?"

Dada hakuhitaji kufungua kitabu. "Mia nne na tisini. Ziliondoka Jumamosi alasiri."

"Kwenda wapi?"

"Hoteli moja kubwa. Na maduka. Orodha anayo mdogo wangu."

Saa sita na dakika ishirini. Askari wa stendi wakapiga simu. Mabasi yote ya asubuhi yamekaguliwa, makondakta wameonyeshwa picha, hakuna aliyemwona. Inspekta akawapanga upya, wawili kwenye barabara ya kutokea mjini. Kisha akamgeukia Dada.

"Anaishi wapi?"

"Mtaa wa pili kutoka hapa. Chumba cha juu, kwa fundi cherehani."

"Nyumbani kwake kumeangaliwa?"

Koplo akakohoa. "Tuligonga asubuhi, Afande. Hakuitika mtu. Tukaona ndege karuka."

"Mlifungua?"

Koplo akatazama buti zake.

Walikwenda wote wanne kwenye gari la polisi, kwa kuwa Dada ndiye aliyejua ngazi, na Mjomba alikwisha kupanda kiti cha nyuma bila kuambiwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumshusha. Jua lilikuwa kichwani. Chini ya ngazi fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye pedali akawatazama wakipita. Inspekta alitangulia, mkono kiunoni, Koplo akihema nyuma yake.

Alibisha mara tatu.

"Nani?" Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Polisi. Fungua."

"Haujafungwa. Sukumeni tu." Wakasukuma. "Karibuni. Ila jamani, mmoja wenu awashe taa. Nimeitafuta swichi tangu nilipoamka."

Dirisha la chumba kile halikuwa na pazia. Mwanga wa saa sita ulikuwa umejaa kitandani, sakafuni, na usoni mwa kijana wa miaka thelathini aliyekaa ukingoni mwa godoro, shati limelowa jasho, akiwageuzia macho mapana yasiyotua popote. Simu yake ilikuwa sakafuni, hatua moja kutoka mguu wake.

Dada alipiga kelele moja akamkimbilia. Inspekta alitoa mkono kiunoni.

"Koplo, shuka uwashe gari. Piga hospitali, waambie tunaleta wa nne." Akachuchumaa mbele ya kijana. "Mimi ni Inspekta. Umekunywa nini, na lini?"

"Jana. Saa mbili usiku. Glasi mbili."

"Kutoka wapi?"

"Thelathini na moja." Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi hizo mara kumi. "Redio ilisema ni vodka yetu. Nikasema uongo. Nikafungua moja, ninywe, watu waone."

"Ulijua umetia nini ndani yake."

"Nilitia spiriti. Nakubali. Hoteli ilitaka nyingi, mtambo haufiki, na Dada angekataa. Jamaa mmoja aliniambia hii ni ya kunywa, wengi wanaongezea. Nilitia kwenye mikupuo miwili tu. Thelathini na moja, na thelathini na mbili."

"Wa thelathini je?"

"Hapana. Wallahi hapana. Miwili tu."

"Orodha ya waliopelekewa?"

"Mfukoni mwa koti. Nyuma ya mlango."

Inspekta alikuwa tayari na koti mkononi na simu sikioni. Alimsomea mkuu wake majina, hoteli, maduka tisa, mji gani, chupa ngapi. Mkuu hakuuliza ushahidi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na nane. "Na mwenye duka?" mkuu aliuliza. Inspekta alisema faneli ile ichunguzwe kwa siku yake, lakini umati uambiwe sasa hivi kwamba sumu haikutoka dukani.

Akarudi kwa kijana. Lilibaki swali moja, na alikuwa na hakika ya jibu lake.

"Mke wa mjomba wako alikuambia lini kuhusu mumewe?"

"Kuhusu Mjomba? Kuambiwa nini?"

Inspekta alimchunguza. Macho yale hayakuweza tena kudanganya wala kusema kweli, akasikiliza sauti.

"Ulitia spiriti kwenye tangi, ukampelekea aonje. Hukuogopa kwamba ataigundua?"

"Ndiyo nilikuwa namtegemea!" Fundi Chupa alikunja uso kwa maumivu, akashika tumbo, akamalizia. "Mimi sijui spiriti. Nilijisemea, kama ina ubaya Mjomba ataikamata, nitaimwaga, yaishe. Akanusa. Akasema safi. Mimi hata nilihisi kama ina harufu kidogo, ya rangi hivi, nikasema labda pua yangu ndiyo mbovu. Jana pia niliihisi. Nikasema, Mjomba amesema safi. Nikanywa."

Mlangoni, Mjomba alikuwa ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

Walimteremsha wakimbeba, Inspekta upande mmoja na Dada upande wa pili, wakimhesabia ngazi. Kwenye gari walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa dada yake, na Mjomba akabanana miguuni. Koplo alikata kona ya kwanza bila kusema neno. Inspekta aliketi mbele, amegeuka nusu, akimsemesha kijana asilale. Alimuuliza jina la aliyemuuzia pipa, namba yake, gari lake. Kijana alijibu kila kitu. Aliandika kila kitu.

Walipofika kwenye taa za barabarani, nyekundu ikiwa imewaka na Koplo akiivuka, mzee alijikohoza.

"Mwanangu."

"Naam, Mjomba. Na wewe umo humu?"

"Nimo. Sikiliza. Mimi sisikii harufu. Tangu mwezi wa tatu sisikii kitu."

Kijana alinyamaza muda mrefu mpaka Inspekta akanyoosha mkono kumshika shingoni, kwenye mshipa.

"Hata Jumanne ile?" aliuliza hatimaye.

"Hata Jumanne ile."

Mkono wa kijana ulipapasa hewani, ukagonga goti la mzee, ukalishika.

"Ungeniambia tu, Mjomba," alisema. "Ningekunusia."